UCHU WA SUKARI NA DAWA YA KICHINA
Khabari za safari yetu ya Ngara na Biharamulo

Karafuu za mwisho zilipokwisha kuanikwa, kutiwa maguniani na kupelekwa kituoni, mwanachama mwenzetu mmoja wa upande wa Mkoani alituomba tumsindikize bara kwenda kumwoza mwanawe. Kijana huyo ni mwalimu wa skuli wilayani Ngara, mkoa wa Kagera, na mchumba wake ni binti wa Biharamulo, wilaya ya jirani. Jina la mwenzetu hatulitaji, kwa kuwa khabari tutakayoieleza ni ya mwili wake. Mwenyewe ametupa ruhusa, akasema, "Andikeni yote, lakini jina niachieni." Basi tutamwita Mzee.

Wengi wenu mwamjua Mzee kwa chai yake. Kikombe kimoja kwa vijiko vitano vya sukari, na baada ya chai kipande cha halua, na baada ya halua chai tena ya kuishushia halua. Miaka minne iliyopita aliambiwa hospitali kuwa ana maradhi ya sukari. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku, akaambiwa na vitu vitamu apunguze. Vidonge alivimeza. Vitamu hakupunguza hata chembe. Akiulizwa hujibu, "Mimi sitaki, ulimi ndio utakao," na watu wakacheka, nasi pia tukacheka.

Tulivuka bahari, tukapanda basi Dar es Salaam, tukapita Dodoma, Singida na Kahama, mpaka Nyakanazi, pale njia ya Kigoma inapoungana na ile iendayo Rwanda. Pana malori mengi hapo, na wauzaji wa kila namna hulizunguka basi likisimama. Akaingia kijana mmoja na mkoba, na sauti kubwa. Alikuwa na dawa ya minyoo, dawa ya mgongo, na mwisho akatoa pakiti ya kijani yenye maandishi ya Kichina. Akasema kuwa hiyo ni dawa ya miti shamba ya Wachina ya kuondoa uchu wa sukari; mtu akiinywa kama chai siku tatu hatamani tena kitu kitamu, na mwenye kisukari huaga vidonge. Mzee alinunua pakiti mbili. Sisi tulikuwa kiti cha pili, tukaona, tukasikia, na hatukumkataza. Twalisema hili mapema, maana katika lawama ya khabari hii tuna fungu letu.

Kutoka Nyakanazi basi hupita Lusahunga na kufika Benako, mahali palipojaa wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994, kisha huiacha njia ya Rusumo na kupanda milima kwenda Ngara. Nchi ile ni ya vilima vya kijani, migomba hadi mlangoni mwa nyumba, kahawa na maharage. Asubuhi ni baridi, na sisi tuliozoea joto la pwani tulilala na makoti. Mito miwili, Ruvubu na ule utokao Rwanda, hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo na kufanya mto Kagera. Wenyeji wa Ngara, Wahangaza na Washubi, ni watu wakarimu. Mgeni hafiki akakaa bila kuletewa kitu. Wageni waliotoka mbali waliletewa chai, na sukari ikawekwa mezani katika bakuli zima.

Asubuhi ya kwanza Mzee alimimina unga wa pakiti katika maji ya moto, akaushika kinywani kitambo, akaumeza huku amekunja uso kwa uchungu. Kisha akanywa chai yake ya vijiko vitano. Akaiweka chini. Akatutazama. "Hii sukari gani?" akauliza. Tukaonja sisi, chai ilikuwa tamu kupita kiasi. Akachukua kijiko cha sukari kavu akakitia kinywani, akasema ni kama anatafuna mchanga wa pwani. Tukastaajabu. Nasi tukaonja unga ule kidogo kwenye ncha ya ulimi, na kwa muda wa nusu saa hivi ndizi mbivu tuliyoandaliwa ilikuwa kama kiazi cha kuchemsha kisicho chumvi.

Kwa hakika jambo hili si uchawi, na si geni. Uko mmea wa kutambaa ambao wataalamu wanauita Gymnema sylvestre. Wahindi huuita gurmar, maana yake mwenye kuua sukari, na Wachina huuita chigengteng. Mwaka 1847 ilipelekwa Uingereza khabari ya Bwana Edgeworth, aliyekuwa India, ambaye alitafuna majani yake kisha akaona hawezi kuonja sukari iliyo katika chai yake. Mwaka 1887 Bwana David Hooper, huko huko India, alitoa katika majani hayo kitu kinachofanya kazi hiyo. Kitu hicho hukaa juu ya vile vidude vya ulimi vinavyotambua utamu, kikavifunika kwa muda, kama kizibo kwenye tundu la ufunguo, na ufunguo wenyewe, yaani sukari, hauingii. Baada ya nusu saa au saa moja kizibo huondoka. Na mmea huu hauoti Asia tu. Afrika pia huota, na Tanzania imo.

Na kweli husaidia uchu. Mwaka 2020 wataalamu wa New Zealand walichapisha khabari za jaribio lao. Waliwapa watu peremende zenye dawa ya mmea huu, na siku nyingine peremende za kawaida, kisha wakawawekea chokoleti wale watakavyo. Walipotumia zile za dawa walikula chokoleti pungufu, na hamu yao ilikuwa ndogo. Kwa hiyo yule kijana wa Nyakanazi hakusema uwongo mtupu, na hapo ndipo penye ugumu wa khabari hii. Kama dawa ingekuwa maji ya bomba, Mzee angeitupa siku ile ile.

Badala yake akaiamini. Siku ya pili akanywa mara mbili, siku ya tatu mara tatu. Chai ikawa haina maana kwake, akaiacha. Halua tuliyobeba kutoka nyumbani akaigawa kwa watoto wa mwenye nyumba. Chakula nacho kikampungukia ladha, akawa anaonja tonge mbili tatu na kuondoka. Vidonge vya hospitali aliendelea kuvimeza kama kawaida, maana, akasema, ni vya kumalizia vilivyobaki, akirudi nyumbani havitaki tena. Tulipomwambia apunguze ule unga alituuliza kama sisi tu madaktari. Ni kweli, si madaktari, tukanyamaza.

Kuna mzee mmoja wa Kihangaza, jirani wa mwalimu, aliyetupeleka nyuma ya migomba yake akatuonyesha mmea wa kutambaa wenye matunda mekundu-manjano yenye miiba laini. Ni wa jamii ya ile mboga chungu tunayoiita karela, ambayo Wachina huiita kugua. Mmea ule ni dawa ya kienyeji katika nchi zile za mpakani. Alipoona pakiti ya Mzee aliinusa, akasema uchungu wake anaujua. Kisha akauliza swali ambalo sisi hatukuuliza: "Aliyekuuzia alikuuliza unameza dawa gani nyingine?"

Siku ya nne tuliteremka Biharamulo kwa ajili ya arusi. Mji ule una boma la zamani la Wajerumani, na nchi yake ni ya chini kuliko Ngara, ina joto zaidi na misitu upande wa Burigi. Tulipokewa vizuri sana nyumbani kwa binti. Mzee hakuwa amekula kitu tangu jioni ya jana yake. Alisema hana njaa. Mahari yalipokuwa yakizungumzwa tukaona jasho linamtoka usoni, na mikono inamtetemeka. Mshenga akamwuliza jambo, naye akajibu jambo jingine kabisa. Watu walidhani ni hasira za mahari. Kisha akalala ubavu juu ya mkeka.

Aliyejua ni bibi wa binti, mama mtu mzima ambaye marehemu mumewe alikuwa na maradhi hayo hayo. Akasema kwa sauti, "Mpeni kitu kitamu, upesi!" Wengine wakapinga, wakisema ana sukari, mtamwua. Bibi hakungoja mashauri. Alikoroga asali katika maji ya uvuguvugu, akamwinua kichwa, na kwa kuwa Mzee alikuwa bado anaweza kumeza, akamnywesha kidogo kidogo. Baada ya robo saa Mzee alifumbua macho akauliza mbona watu wamemzunguka.

Tukampeleka hospitali. Daktari, mwanamke kijana, alimpima sukari akakuta bado iko chini, ingawa asali ilikuwa imekwisha kuingia. Alimwamkia, "Shikamoo, baba," kisha akauliza maswali mengi, na Mzee akajibu machache. Ikabidi sisi tuitoe pakiti mfukoni mwa koti lake. Daktari alituambia mambo matatu yaweza kuwa yamekutana. Kwanza, mgonjwa ameacha sukari na chakula kwa ghafla, lakini vidonge ni vile vile, navyo vimewekwa kwa kipimo cha mtu anayekula. Pili, miti mingine yenye uchungu hushusha sukari ya damu yenyewe, ikaongezea nguvu vidonge. Tatu, yaweza kuwa ndani ya unga umetiwa kwa siri kidonge cha hospitali kilichosagwa. Lipi kati ya hayo, au yote, yeye hawezi kusema bila kuupima unga. Akamlaza usiku ule akiwa na maji ya sukari katika mshipa, kwa sababu vidonge vya namna alivyokuwa akimeza huweza kuishusha sukari tena baada ya mtu kudhaniwa amepona.

Hilo la tatu tulidhani ni maneno ya madaktari ya kuchukia dawa za watu wengine. Tulipouliza zaidi tukaona sivyo. Mwaka 2008, huko Singapore, watu 150 wasiokuwa na maradhi ya sukari waliingizwa hospitali katika muda wa miezi mitano kwa sababu sukari yao ilianguka. Ilionekana kuwa dawa za nguvu za kiume zisizo na kibali, na miongoni mwake za miti shamba, zilikuwa zimetiwa glibenklamidi, ambayo ni dawa ya kushusha sukari. Saba walizimia kabisa, na wanne walikufa. Na Januari 2009 huko China kwenyewe, mkoa wa Xinjiang, watu wawili walifariki baada ya kumeza dawa ya bandia ya kisukari iliyouzwa kwa jina la miti shamba, nayo ilikuwa na glibenklamidi nyingi kupita kiasi.

Arusi ilifungwa kesho yake. Mzee alihudhuria na plasta mkononi.

Tuliporudi tuliipeleka pakiti kwa kijana wetu mmoja aliyejifunza Kichina hapa Unguja. Akatusomea majina manne: chigengteng, kugua, huanglian na gancao. Yale mawili ya kwanza tumekwisha kuyaeleza. Huanglian ni mzizi wa manjano, mchungu kama nyongo, na ndani yake mna kitu kiitwacho berberini. Mwaka 2008 madaktari wa China walichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa berberini hushusha sukari ya damu. Kwa hiyo si ulimi peke yake uliokuwa ukiguswa na unga ule. Gancao ni urukususu, ambao wenyewe ni mtamu na Wachina huutia katika dawa zao nyingi; lakini ukitumiwa sana hupandisha shindikizo la damu, na Mzee ana shindikizo pia. Kijana wetu alitafuta kipimo cha kunywa, hakukiona. Akatafuta maneno guoyao zhunzi pamoja na namba, ambayo huandikwa juu ya kila dawa iliyopewa kibali na serikali ya China, na kwa dawa za asili namba hiyo hutanguliwa na herufi Z. Hayakuwapo. Pakiti ilikuwa ya Kichina kwa maandishi, lakini hata China isingeuzwa dukani kama dawa.

Wala tusije tukaonekana twawasema Wachina vibaya. Madaktari wao wamefanya kazi visiwani kwetu tangu 1964, wanatoka jimbo la Jiangsu, na wako wanachama wengi waliopona mikononi mwao hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani. Na elimu yao ya asili juu ya maradhi haya ni ya kale sana. Katika kitabu chao kiitwacho Huangdi Neijing, chenye umri wa miaka 2000 na zaidi, yametajwa maradhi ya xiaoke, yaani kiu na kukonda, na imeelezwa kuwa huwapata wale walao vitamu na vyenye mafuta mengi. Tabibu Sun Simiao, aliyeishi katika karne ya 7, aliwakataza wagonjwa wa xiaoke mambo matatu: pombe, mambo ya kitandani, na vyakula vya chumvi na vya unga. Utaona basi kuwa tabibu huyo mkubwa wa miti shamba alianza na kinywa cha mgonjwa. Tena kwao utamu ni ladha ya bandama: kidogo huitia nguvu, ukizidi huidhoofisha, na mwenye kutamani vitamu kila saa huchunguzwa ulimi na mapigo ya mshipa kabla hajapewa chochote. Watu wawili wenye uchu mmoja waweza kupewa dawa mbili mbalimbali. Pakiti moja kwa basi zima si tiba ya Kichina.

Kwa sheria zetu pia mambo hayo yamepangwa. Bara iko Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake huwaandikisha waganga na dawa zao; Zanzibar nasi tuna baraza letu. Mtu akikuletea dawa mwulize cheti chake na namba ya dawa yake. Akikasirika, umekwisha kupata jibu. Na mwenye kumeza vidonge, akitaka kutumia majani yoyote, ya Mchina au ya nyuma ya migomba, amwambie daktari wake kwanza ili kipimo cha vidonge kitazamwe. Dalili za sukari kuanguka ni jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, na kusema maneno yasiyoeleweka. Mwenye kuweza kumeza apewe vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji, apimwe baada ya robo saa, kisha ale chakula. Asiyeweza kumeza asitiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitali.

Twajua mtatuuliza: na uchu wenyewe je? Maana Mzee amerudi, na ulimi wake amerudi nao. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu ipatikanayo katika chakula cha siku, na ikiwezekana iwe nusu ya hiyo, yaani vijiko sita hivi kwa siku nzima. Mzee alikuwa akivimaliza kabla ya kikombe cha pili. Sasa hospitali yake imempangia upya vidonge, na yeye apunguza kijiko kimoja kila wiki mbili. Amefika viwili. Anasema wiki ya kwanza ya kila punguzo ni mbaya, na ya pili chai huwa tamu tena kama zamani. Hilo hatukulitazamia, lakini wengine walioacha sukari hivyo hivyo wametuambia maneno yale yale.

Tena kuna dawa moja ya Kichina ambayo tulimpa sisi, na haikununuliwa Nyakanazi. Wachina huiita dingxiang. Katika zama za wafalme wa Han, watumishi wa mfalme walikuwa wakiishika kinywani kabla ya kusema mbele yake, ili pumzi zao zinukie vizuri. Matabibu wao huitumia kupasha tumbo joto na kukomesha kwikwi, na wana sharti la kale kuwa isichanganywe na yujin, mzizi wa jamii ya manjano. Wanachama mwaijua dingxiang kuliko Wachina wenyewe, maana ndiyo karafuu. Haishushi sukari kwa namna ya kutegemewa, na hatutaki mtu atoke na gazeti hili akaache vidonge. Lakini punje moja ikitafunwa polepole baada ya chakula huufanya ulimi ufe ganzi kidogo, kinywa kikanukia, na ile saa ya halua ikapita. Mafuta ya karafuu ni jambo jingine. Yana nguvu nyingi na hayafai kunywewa.

Mzee hutembea na punje kumi na mbili katika mfuko wa koti, pale pale ilipokuwa ile pakiti. Juzi tulimkuta katika baraza ya kituo cha kununulia karafuu, akipitishiwa chai. Aliuliza kwanza vijiko vingapi vimetiwa, na alipoambiwa vinne akairudisha kwa mwenye birika. Kisha akawaeleza waliokaa naye khabari ya bibi wa Biharamulo na asali yake. Mkwewe mpya amemwandikia kuwa bibi huyo anamsalimu, na anauliza kama amekula.